Daftari la Wiki: Noti Isiyokuwamo Kwenye Chuma

Masika yameanza kwa vishindo, na radi za juzi zimenirudisha kwenye habari ya kale ya Ulaya. Enzi hizo ngurumo zikianza, mtu alitumwa mnarani akapige kengele. Watu waliamini kwamba mlio wake hutawanya mawingu, na kengele nyingi zilitengenezwa zikiwa na maandishi ya Kilatini yanayojigamba kuwa zinavunja radi. Mwaka 1784 kikachapishwa kijitabu Munich chenye hesabu ya kutisha: katika miaka 33, minara 386 ilikuwa imepigwa na radi, na wapiga kengele 103 walikuwa wamekufa.

Kwa fizikia hakuna cha kushangaza. Mnara ndicho kitu kirefu kuliko vyote kijijini, juu yake kuna chuma kizito, na chini yake kuna mtu aliyeshika kamba iliyolowa. Lakini sipendi kuwaita watu wale wajinga. Dhoruba zote hupita, kengele ipigwe isipigwe, na kila aliyeshuka mnarani mzima aliona kazi yake imefaa. Walichokosa ni mtu wa kuhesabu.

Wakati kijitabu kile kinatoka, Benjamin Franklin alikuwa ameshaipa kengele kazi nyingine. Mwaka 1752, nyumbani kwake Philadelphia, alisimika fimbo ya chuma juu ya paa, akateremsha waya hadi ndani, akaukata, na kila ncha akaifunga kengele ndogo. Kati ya kengele hizo mbili alining'iniza gololi ya shaba kwa uzi wa hariri. Wingu lenye umeme likipita juu, gololi huvutwa na kengele ya kwanza, huigusa, hujaa chaji yake, husukumwa, hukimbilia ya pili, huimwaga chaji huko, kisha hurudi. Kengele ikaacha kufukuza radi, ikaanza kuitolea taarifa.

Mwenye kuishi na taarifa hizo alikuwa mkewe, Deborah, kwa sababu mume alikuwa London miaka mingi. Bibi akalalamika kwamba zinamtisha. Jibu la mwaka 1758 lilimwelekeza afunge waya kutoka kengele hii hadi ile, umeme upite kimya kimya. Jibu sahihi kabisa la mwanafizikia. La mume, sijui.

Kengele ya aina hiyohiyo ingali inalia Oxford, katika Maabara ya Clarendon. Ilianza mwaka 1840. Gololi yake ina upana wa milimita 4, nayo hucheza kati ya kengele mbili chini ya vifuniko vya kioo, kwa nguvu ya betri kavu zilizopakwa salfa kwa nje. Imelia zaidi ya mara bilioni 10. Kilichomo ndani ya betri hizo hakijulikani kwa uhakika, maana kuzifungua ni kuikatiza, na hakuna anayetaka kuwa mtu huyo.

* * *

Shule ya msingi iliyo jirani nami hutumia rimu ya lori, ile ya zamani isiyo na sahani katikati, imening'inizwa kwa mnyororo kwenye tawi la mwembe. Kuna kipande cha nondo cha kuipigia. Nimemtazama mwanafunzi wa zamu: hapigi chini kabisa wala ubavuni. Hupiga pembeni, pale ambapo mshale mfupi wa saa ungeelekea saa kumi na nusu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mbona hupigi hapa chini, karibu nawe?”

“Hapo inakufa haraka. Hapa ndipo inapoita.”

Anasema kweli. Pete ya chuma ikipigwa haibaki duara. Huwa yai lililolala, kisha yai lililosimama, mamia ya mara kwa sekunde. Kwa hiyo kuna sehemu nne za ukingo wake zinazokwenda ndani na nje kwa nguvu, na kati yake sehemu nne ambazo haziendi ndani wala nje. Kutoka sehemu yenye fujo hadi iliyotulia ni nyuzi 45. Ukipiga chini kabisa, na juu kabisa kunatikisika vilevile. Na huko juu ndiko kuliko na mnyororo, unaoumeza mtetemo kwa kusuguana nao. Ukipiga pale kwenye saa kumi na nusu, juu panakuwa mahali palipotulia, mnyororo hauambulii kitu, na sauti inafika hadi dukani kwa Mpemba. Kijana hajafika kidato cha kwanza. Sikio limemfundisha.

Kama huna rimu, una kikombe. Chukua cha udongo chenye mkono, kikiwa kitupu, ukigonge ukingoni kwa kijiko: kwanza juu ya mkono, halafu robo ya mzunguko kutoka hapo. Noti ni ileile. Sasa gonga katikati ya sehemu hizo mbili. Noti imepanda. Katika mapigo mawili ya kwanza, mkono wa kikombe ulikuwa kwenye sehemu inayotikisika, ukaongeza uzito wa kubebwa, na mtetemo ukapungua kasi. Katika pigo la tatu, mkono umeangukia mahali palipotulia, na ni kana kwamba haupo. Nimelifanya jaribio hili mezani pa chakula mbele ya wageni, na chai ikapoa.

Wachina walilijua jambo hili zamani sana, na wakaligeuza kuwa muziki. Mwaka 1978, karibu na Suizhou katika jimbo la Hubei, lilifukuliwa kaburi la mtawala Yi wa Zeng, aliyezikwa takriban mwaka 433 kabla ya Kristo. Ndani mlikuwa na kengele 65. Hazikuwa duara, zimebanwa pande mbili, na mdomo wake una umbo la punje ya lozi. Ukipiga katikati ya uso unapata noti moja, ukipiga pembeni unapata nyingine, na kengele nyingi zimeandikwa kwa dhahabu noti zake zote mbili. Mtengenezaji wa kikombe changu alipata noti mbili bila kukusudia. Wale walikusudia, kengele baada ya kengele, kwa oktavo tano.

* * *

Debe tupu haliachi kuvuma, na waliosema hivyo wanaungwa mkono na maabara. Mimina maji ndani, na kuta za bati zinalazimika kuyasukuma kila zinapotetemeka: sauti inashuka, kisha inakufa. Kuhusu waheshimiwa, maabara haijasema kitu.

* * *

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha macho wiki nzima.

Kengele kubwa ya kanisa haitoi sauti moja. Chini kabisa kuna mvumo unaodumu kuliko sauti nyingine zote. Juu ya mvumo kuna noti iliyo karibu na oktavo yake, kisha noti ya tatu iliyoshushwa kidogo, inayoipa kengele huzuni yake, kisha ya tano, kisha oktavo nyingine, na baada ya hapo msururu mrefu. Mwaka 1890 Lord Rayleigh alichapisha vipimo vya kengele kadhaa, zikiwamo za kanisa la Terling, kijiji cha kwao huko Essex. Alikuta jambo la ajabu. Noti ambayo watu wote huitaja wakiulizwa “kengele hii inalia noti gani?” iko oktavo moja chini ya ule mlio wa tano, na katika kengele nyingi za kale, ukiutafuta mtetemo wa noti hiyo kwenye chuma, huupati.

Inatoka wapi basi? Sikioni. Milio mitatu yenye nguvu ya kengele huwa karibu na uwiano wa 2, 3 na 4. Tuseme mitetemo 800, 1200 na 1600 kwa sekunde. Sikio limezoea kwamba vitu vya mpangilio huo ni watoto wa mama mmoja mwenye mitetemo 400, hivyo linamsikia mama hata kama hayupo. Na si kwa kengele tu. Simu ya waya ya kawaida hukata kila kilicho chini ya mitetemo 300 hivi kwa sekunde, na sauti ya mwanamume mzima huanzia kwenye mia na ushee. Kwa miaka yote hiyo tuliyompigia baba simu, sauti yake nzito tulijitengenezea wenyewe.

Mafundi walijaribu kuusawazisha mlio wa kengele kabla fizikia haijaueleza. Uholanzi, katika karne ya 17, ndugu wawili wa ukoo wa Hemony walishirikiana na Jacob van Eyck, mwanamuziki kipofu wa Utrecht, kukwangua chuma kutoka ndani ya kengele, hapa kidogo na pale kidogo, mpaka kila mlio ukae mahali pake. Seti yao ya kwanza iliyosawazishwa ilitundikwa Zutphen mwaka 1644. Kipofu ndiye aliyejua pa kukwangua.

* * *

Kengele kubwa kuliko zote zilizobaki duniani iko Moscow. Ina uzito wa tani 200 hivi, ilimiminwa mwaka 1735, na haijalia hata mara moja. Ilikuwa ingali shimoni mwake moto ulipozuka mwaka 1737. Ikapata joto, maji yakaifikia, ikapasuka, na kipande cha tani 11.5 kikamegeka. Mchanganyiko wa kengele, shaba sehemu nne na bati karibu sehemu moja, ni mgumu na huvuma sana kwa sababu hauumezi mtetemo. Kwa sababu hiyohiyo haukunjiki. Hulia, au hupasuka.

* * *

Wanaosoma fizikia sekondari wanaijua kengele iliyofungiwa kwenye mtungi wa kioo. Pampu inanyonya hewa, sauti inafifia, na kitabu kinahitimisha: sauti haisafiri katika ombwe. Hitimisho ni kweli. Jaribio halilithibitishi sawasawa. Pampu ya shule haifiki hata karibu na ombwe, na hewa iliyobaki bado inaweza kabisa kupitisha mawimbi. Kinachopungua ni mshiko: hewa nyepesi haishikiki vizuri na chuma cha kengele wala na kioo cha mtungi, kwa hiyo nishati kidogo sana inavuka kutoka kimoja hadi kingine. Mwalimu atakayewaeleza hivyo hatapoteza alama. Atapoteza dakika tano za kipindi.

* * *

Ukimtajia mwanafizikia neno “Bell”, huenda asifikirie chuma kabisa. Bell wa simu tumwache; simu yenyewe tumekwisha kuigusa. Jocelyn Bell, wa Ireland ya Kaskazini, alikuwa mwanafunzi Cambridge mwaka 1967, akikagua karibu mita 30 za karatasi ya grafu kila siku kutoka darubini ya redio aliyosaidia kuijenga kwa mikono. Akaona mkwaruzo mfupi kuliko upana wa kidole, akaufuata, ukawa mapigo ya kila sekunde 1.337. Swali la kwanza lilikuwa kama yanatoka mbinguni au ndani ya mashine. Darubini ya pili ilipoyapokea, wakajua ni ya mbinguni. Ni nyota ya nyutroni inayozunguka. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 ilikwenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Mwaka 2018 mama huyo alipewa tuzo ya dola milioni 3, akazitoa zote zisomeshe watafiti kutoka makundi yasiyopewa nafasi. Hasira yangu kuhusu mwaka 1974 ni kubwa kuliko yake.

John Stewart Bell, wa Belfast, ndiye mgumu. Alikuwa na mwenzake, Reinhold Bertlmann, mwenye mazoea ya kuvaa soksi za rangi mbili tofauti. Ukiona mguu mmoja una soksi ya waridi, unajua bila kutazama kwamba wa pili si wa waridi. Hakuna muujiza, rangi zilichaguliwa asubuhi. Bell akauliza: je, chembe mbili zilizozaliwa pamoja nazo zimebeba majibu yao tangu nyumbani? Mwaka 1964 alionyesha kwamba swali hilo linaweza kupimwa. Katika umbo lililonyooshwa mwaka 1969, ukikusanya matokeo ya vipimo vya pande mbili kwa kanuni fulani, chembe zilizobeba majibu, zisizopelekeana habari, haziwezi kupita 2. Fizikia ya kwanta inaruhusu hadi mara mbili ya kipeuo cha pili cha 2, yaani 2.83 hivi. Alain Aspect na wenzake, Orsay, mwaka 1982, wakapata 2.70. Soksi zikashindwa. Tuzo ya Nobel ikaja mwaka 2022 kwa Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger. Bell alikuwa amefariki mwaka 1990.

Nimekuta sadfa moja nikiwa na kalamu na karatasi. Pete nyembamba ya chuma ina noti yake ya kwanza, ya lile yai, na noti ya pili, ya umbo lenye pembe tatu. Uwiano kati ya hizo mbili ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha 2, bila kuzidi wala kupungua. Haina maana yoyote. Nimeipenda tu.

Na kama una wikendi ndefu, kuna swali jingine aliloliandikia Bell huyohuyo mwaka 1976. Roketi mbili zimesimama moja nyuma ya nyingine, zimeunganishwa kwa uzi dhaifu. Zinaondoka kwa wakati mmoja na kuongeza kasi kwa ratiba ileile, hata mtazamaji aliyebaki nyuma anaona umbali kati yao haubadiliki. Kasi ikikaribia ya mwanga, uzi utakatika? Mjadala ulizuka kwenye mgahawa wa CERN, maabara ya fizikia alikofanyia kazi, kisha wataalamu wa nadharia wa hapohapo wakaulizwa, na wengi wao wakajibu kwamba hautakatika. Utakatika: vitu vyenye mwendo hufupika, uzi unataka kufupika, na roketi haziupi nafasi. Bell aliandika kwamba wengi wa wanaokosea mwanzoni hulipata jibu wakikaa na kupiga hesabu.