Utulivu wa Sega Linalokunjwa

Chukua sega la plastiki lililotengenezwa kwa printa ya pande tatu, lilaze ubavu kati ya mabamba mawili ya mashine ya kugandamiza, kisha uutazame mshale unaopima mzigo. Mwanzoni mshale hupanda: kuta za mshazari za vijumba hivyo vya pembe sita hupinda taratibu. Kisha safu moja hushindwa, mara nyingi ile yenye ukuta mwembamba kuliko nyingine au kiungo ambacho printa haikukishikisha vema. Hujikunja yote, ikafuata jirani yake, kisha nyingine.

Ajabu ni kwamba muda huo wote mshale hausogei sana. Anayeusoma mshale peke yake atasema hali ni shwari, ilhali sega linateketea safu baada ya safu. Zikishabanana zote, pasiwe na nafasi ya kukunjika, mzigo hupaa ghafla.

Nikiutafakari mfano huu naikumbuka Dumila, wilayani Kilosa. Mafuriko ya Januari 2014 yaliikata barabara kuu ya Morogoro–Dodoma kwenye daraja la hapo. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, aliusimamia ukarabati yeye mwenyewe, na magari yakarejea njiani. Hilo lilistahili pongezi. Lakini mshale wa taifa ulikuwa umefungwa barabarani. Mabasi yalipoanza kupita, wengi tuliokuwa mbali tulidhani yamekwisha. Familia za Dumila na Magole zilizopoteza nyumba, akiba ya chakula na mashamba zilibaki chini ya mahema. Ndizo safu iliyokunjika ili sisi tuone utulivu.

Yupo atakayenijibu kwamba kila jamii huhitaji sehemu ya kumeza kishindo, kama kofia ya mwendesha pikipiki. Ni kweli. Ila mbunifu wa kofia huchagua mapema kitakachobonyea, na baada ya ajali kofia hutupwa, ikanunuliwa nyingine. Mkulima wa bondeni hakuchaguliwa kwa hesabu yoyote. Aliangukia hapo kwa umaskini wake, wala hana mbadala wa shamba lake.

Wapo pia wanaoamini kwamba kupunguza kidogo bajeti ya tuta, mfereji au ofisi ya kijiji hakudhuru. Sega linawakanusha. Lorna Gibson na Michael Ashby, katika kitabu chao cha mwaka 1988, walionesha kwamba ukakamavu wa sega linalobanwa ubavuni hufuata unene wa kuta kwa kipeo cha tatu: ukipunguza unene kwa nusu, ukakamavu hubaki takriban sehemu moja ya nane. Jamii si plastiki, lakini anayepunguza ukuta ambao tayari ni mwembamba asitarajie hasara ndogo.

Basi, watumishi wa umma, uhamisheni mshale. Mwaka mmoja baada ya kila mafuriko, halmashauri itangaze hadharani ni kaya ngapi zimejenga upya, ngapi zimelima, ngapi zingali zimehifadhiwa na ndugu. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, mkiambiwa hali imetulia, ulizeni: ni safu ipi inayokunjika hivi sasa, na zimebaki ngapi?