Tumtazame Masikio Kabla ya Kumwita Chui

Muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wangu wa isimu picha moja iliyopigwa usiku na kamera ya kutega, yaani ile inayofungwa mtini kando ya njia ya wanyama na kujipiga yenyewe pindi kiumbe kinapopita mbele yake. Aliyenaswa alikuwa mnyama wa jamii ya paka: miguu mirefu, kichwa kidogo, masikio makubwa yaliyosimama, madoa meusi na mkia mfupi. Niliwauliza jina lake tu. Wa kwanza akasema chui. Wa pili akasema duma. Wengine wakakubaliana kuwa ni mtoto wa chui, na mmoja aliyeketi nyuma kabisa akaamua kuufunga mjadala kwa kusema ni "paka mwitu", jibu ambalo halikosei kwa kuwa halisemi kitu. Hatimaye kijana mmoja aliyekulia Samburu akichunga mbuzi akainua mkono, akamtaja mnyama yule kwa lugha ya mama yake, kisha akaeleza jinsi anavyoruka juu nyasini kumkamata ndege. "Lakini kwa Kiswahili, Mwalimu, simjui," akasema.

Kwa Kiswahili ni mondo. Neno hilo limo katika kamusi zetu, wala si neno la jana. Nilitahayari, si kwa ajili ya vijana wale bali kwa ajili yetu tuliowafundisha tangu shule ya msingi.

Nimelikumbuka darasa hilo kwa sababu ya kisa cha chui mweusi wa Laikipia. Mnamo Februari 2019, picha za chui huyo zilienea kote duniani. Mpigapicha Mwingereza Will Burrard-Lucas alikuwa ametega kamera yake usiku, na watafiti wakiongozwa na Nicholas Pilfold wa bustani ya wanyama ya San Diego walikuwa wametega zao katika hifadhi ya Loisaba mwaka 2018. Matokeo yalichapishwa katika jarida la African Journal of Ecology. Magazeti ya ng'ambo nayo yakapiga mbiu kwamba chui mweusi ameonekana Afrika kwa mara ya kwanza katika miaka 100. Wakenya wengi walicheka, wengine wakakasirika, na baadhi ya wenzetu wakatoa picha zao za miaka ya nyuma kama vielelezo.

Mimi naona kwamba ugomvi ule ulikuwa wa kitenzi. Kuonekana ni jambo moja, kuthibitishwa ni jambo jingine. Kielelezo cha awali ambacho watafiti walikirejelea ni cha mwaka 1909, kutoka Addis Ababa, Ethiopia. Baina ya hapo hawakukiri ushahidi uliotosha kwa mizani ya sayansi. Hawakusema kwamba wachungaji wa Laikipia walikuwa vipofu kwa karne nzima. Kinyume chake, kamera zile zilitegwa mahali pale kwa kuwa wenyeji walikuwa wamesema kwamba chui mweusi yupo. Mwenyeji alisema, kamera ikashuhudia, jarida likathibitisha. Kichwa cha habari kikamfuta wa kwanza katika orodha hiyo, akabaki wa mwisho peke yake.

Je, walijuaje kwamba ni chui? Weusi peke yake hautoshi. Katika misitu ya Aberdare wako mondo weusi pia, na mtu aliyeona kivuli tu kikivuka barabara alfajiri anaweza kuapa kwamba amekutana na chui. Jibu lilikuwa katika kamera yenyewe. Usiku kamera hizi hutumia mwanga ambao jicho la binadamu halliuoni, na chini ya mwanga huo manyoya meusi ya chui hufichua madoa yaliyojificha ndani yake, yale yaliyopangika mithili ya maua. Chui mweusi ni chui tu. Rangi yake ni ya kurithi, na ili azaliwe hivyo sharti apokee chembe ya urithi huo kwa baba na kwa mama. Ndiyo maana yule wa Loisaba, jike mchanga, alionekana akiandamana na chui mkubwa wa rangi ya kawaida aliyedhaniwa kuwa mamake. Inakadiriwa kwamba kiasi cha asilimia 11 ya chui wote duniani ni weusi, na wengi wao wanaishi Asia ya kusini-mashariki. Hapa Afrika ni nadra sana.

Msomaji asidhani kwamba elimu hii ya kumtambua mnyama kwa alama zake ni ngeni kwetu. Katika hadithi ya Sultani Majnuni, mojawapo ya zile ambazo Edward Steere alizikusanya Zanzibar na kuzichapisha mwaka 1870, yumo nunda, paka wa sultani aliyekua hadi akawa anakula watu. Mwana wa mwisho wa sultani huondoka kwenda kumsaka. Anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, anamleta nyumbani kwa shangwe, na kila mara mamake anamwambia kwamba huyo siye. Mwishoni kijana anampata nunda kwa kufuata sifa alizoambiwa: masikio madogo, mkia mnene, na mabaka mwilini. Masikio, mkia, mabaka! Mtaalamu wa leo anayekagua maelfu ya picha za kamera huanzia papo hapo. Mimi huwafundisha wanafunzi hadithi hiyo kama somo la fasihi simulizi, na nakiri kwamba ilinichukua miaka mingi kutambua kuwa mama yule alikuwa akifanya kazi ya mwanasayansi.

Hata hivyo, masimulizi nayo yana mipaka yake. William Hichens, yule yule aliyehariri Al-Inkishafi, aliandika pia juu ya mngwa, paka mkubwa wa pwani ya Tanganyika ambaye watu walisema si simba wala chui. Hadi leo hakuna makumbusho yoyote yaliyopokea ngozi yake. Sisemi kwamba waliosimulia walidanganya. Nasema kwamba shahidi aliyeona usiku, akiwa na hofu, anahitaji kuulizwa maswali, na maswali hayo hayawezekani pasipo majina. Ukimuuliza, "Alikuwa kama mondo au kama simbamangu?" naye hajui tofauti ya mondo mwenye madoa na simbamangu mwenye vishungi vya manyoya meusi masikioni, mazungumzo yamekwisha kabla ya kuanza.

Wako watakaoniambia kwamba haya ni anasa ya wasomi. La hasha. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeorodhesha wanyama ambao madhara yao humpa mwananchi haki ya kudai fidia. Chui yumo, duma yumo. "Paka mwitu" siye mnyama mmoja, na mfugaji aliyepoteza mbuzi kisha akaandika neno hilo katika fomu yake amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Na kuna ubaya unaopita huo. Kuku wakiliwa na kimburu au mondo, kijiji kikaamua kwamba ni chui, mzoga hutiwa sumu. Na sumu haichagui. Hufa chui, fisi, tai na mbwa wa jirani kwa kosa ambalo, kwa hakika, lilikuwa la msamiati.

Vitabu vingi vya darasani nilivyovipitia humfundisha mtoto wa Kenya simba, chui na, kwa bahati, duma. Mondo, simbamangu na kimburu hawamo. Tena fungo, ngawa na kanu hutiwa katika kapu la paka ilhali si paka. Mwalimu wa Kiswahili humwachia mwalimu wa sayansi, naye wa sayansi hufundisha kwa Kiingereza, hivyo mtoto huondoka na jina la kigeni kwa mnyama anayemnyatia mbuzi wa nyanya yake.

Sihitaji kusubiri wizara. Likizo ilipofika niliwapa wanafunzi kazi moja: kila mmoja akawaulize wazee wa kwao majina ya wanyama sita niliowapa picha zao, pamoja na alama ambazo wazee hao huzitumia kuwatofautisha. Walimu wenzangu wa shule za upili wanaweza kufanya hivyo hivyo wiki hii, kwa gharama ya karatasi moja. Wanafunzi wangu walirudi na majina ya lugha tisa. Yule kijana wa Samburu alileta ukurasa mzima kutoka kwa babu yake, na katika mstari wa mondo mzee alikuwa amesisitiza jambo moja: usimtazame madoa, kwa sababu wako wasiokuwa nayo; mtazame masikio.