Piga hodi kabla ya kupiga picha

Baada ya kipindi chetu kuhusu safari za nyumbani, msikilizaji mmoja alituuliza swali lililoninasa. Mbona watu wa Mji Mkongwe wanamkunjia uso akipiga picha uchochoroni, na yeye wazee wake wote wawili ni Waunguja? Wenzangu walimpa pole. Mimi niliguna tu, na muda ukatuishia. Sasa nijieleze, manake kuguna si hoja.

Maoni yangu ni haya. Mtu anayeishi kwenye barabara ya watalii ana haki ya kupigiwa hodi kama mtu mwingine yeyote, hata kama mlango wake uko kwenye kadi za posta. Na sisi tuliozaliwa huku, ambao upande mmoja ni wenyeji na upande wa pili tunafika kama wageni, hatuna kisingizio cha kutolijua hilo.

Kwa wale ambao Kiswahili chao kimeanzia kwenye podikasti hii (karibuni sana): hodi si neno la kutangaza kwamba umefika. Ni ombi. Unapiga hodi mara tatu, unangoja uambiwe karibu, na usipojibiwa unaondoka zako bila kununa. Mwenye nyumba hana deni la kukueleza kwa nini hakufungua. Sasa hebu jiulize: kwenye barabara inayopokea maelfu ya wageni kila Jumamosi, nani anapiga hodi?

Mimi nimekulia upande wa kaskazini wa Portobello Road, London magharibi, kwenye nyumba za kaunsili, na mpaka leo naishi karibu na hapo. Watu wakisikia wanasema, "Wewe una bahati!" Wanaijua kwa filamu ya Notting Hill ya mwaka 1999, au kwa yule dubu Paddington, ambaye rafiki yake Bwana Gruber ana duka la vitu vya kale mtaa huohuo. Jumamosi ndiyo siku kubwa ya vitu vya kale. Umati unateremka kutoka stesheni ya Notting Hill Gate, unajaza barabara ukuta kwa ukuta, na simu zote ziko juu. Kuna mlango wa buluu kwenye Westbourne Park Road, hatua chache tu kutoka sokoni, uliotokea kwenye ile filamu. Mlango wenyewe wa asili uliuzwa mnadani zamani, lakini watu hawajali, wanajipanga kupiga picha na huu uliopo. Nyuma yake kuna watu wanaotaka kutoka kwenda kununua maziwa.

Mama alikuwa na kanuni yake: sokoni ni katikati ya wiki. Siku hizo meza za matunda na mboga ni za watu wa mtaa, muuzaji anakujua, anakuuliza hali ya mtoto, anakuongezea ndimu mbili. Ukipanda mpaka Golborne Road unakuta maduka ya Wamoroko na mikahawa ya Wareno, na pale ndipo Mama alipopata bizari zake. "Jumamosi soko si letu," alikuwa akisema. Hakuwa analalamika. Alikuwa anaeleza ratiba tu, kama mtu anayeishi pwani anavyokueleza maji kujaa na kupwa.

Kwa hiyo simchukii mtalii. Pesa yake inalisha watu. Wenye meza wengi wa Portobello wasingefika mwisho wa mwezi kwa ndimu za mama yangu. Anayesema watalii waondoke wote hajawahi kusimama kwenye baridi ya Januari akisubiri mteja.

Ninachokataa ni mahali pa watu kugeuzwa pambo. Mtaa ule mgeni anauona rangi za peremende, waridi, kijani, manjano. Lakini hayo si maisha yake yote. Kitabu cha kwanza cha Paddington kilitoka mwaka 1958, hadithi ya mgeni asiye na kwao anayepokelewa vizuri London. Mwaka huohuo, mitaa hiyohiyo ya Notting Hill, makundi ya vijana wa Kizungu yalikuwa yakiwashambulia Weusi majumbani mwao. Mwaka uliofuata, Mei 1959, Kelso Cochrane, fundi seremala kutoka Antigua, aliuawa kwa kisu karibu na Golborne Road akirudi nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka 32. Hakuna aliyetiwa hatiani. Kanivali ya mitaani, ambayo leo inaleta watu kutoka dunia nzima kila mwisho wa Agosti, ilianza mwaka 1966 kwa wakazi kutaka majirani wa kila aina wacheze pamoja. Halafu ikaja Westway, barabara kubwa ya juu iliyofunguliwa mwaka 1970, ikapita juu ya vichwa vya watu na kuvunjisha nyumba zao. Uzuri ule anaoupiga picha mgeni, sehemu yake kubwa ni kazi ya watu waliokataa kuondoka.

Na Juni 14, 2017, jengo la Grenfell liliungua, si mbali kwa miguu kutoka sokoni. Watu 72 walikufa, wengi wao familia za wahamiaji kama zetu. Ndani ya siku chache walikuja watu kupiga selfi mbele ya jengo lililoungua. Wakazi ikabidi wabandike mabango kuwaomba waache. Hebu fikiria, una msiba, na unatakiwa kuandika bango la kuwafundisha watu adabu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tatizo si kamera. Ni mazoea. Mtu akishazoea kuuona mtaa kama jukwaa, hata maiti zikiwemo haoni msiba.

Sasa njoo kwenye jambo zito zaidi ya picha, yaani nyumba zenyewe. Tangu 2015, mtu London anaruhusiwa kukodisha nyumba nzima kwa wageni wa siku chache mpaka usiku 90 kwa mwaka bila kuomba kibali cha mipango miji. Sheria ipo, lakini nani anahesabu usiku? Kwenye ngazi yetu kuna flati iliyokuwa ya kaunsili. Familia iliyokuwa ikiikodi iliinunua kwa ile haki iliyoletwa na sheria ya 1980, baadaye ikauza, aliyenunua akauza tena. Alikuwa akiishi bibi mmoja Mmoroko aliyekuwa akituletea supu ya harira kila Ramadhani, na Mama akimpelekea kaimati. Leo mlangoni kuna kijisanduku cha funguo chenye namba. Kila siku ya tatu, magurudumu ya masanduku yanapanda ngazi usiku wa manane. Wageni wenyewe ni watu wazuri tu, wanasalimia. Lakini Mama alipoanguka bafuni, sikuwa na wa kumgongea ngazi ile. Jirani ni yule ambaye kesho pia atakuwepo.

Miji mingine imeshachoka. New York tangu Septemba 2023 inataka anayekodisha kwa muda wa chini ya siku 30 ajiandikishe na awepo mwenyewe nyumbani wageni wakiwepo. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba vibali vya flati za watalii, zaidi ya 10,000, havitaongezwa muda, vyote viishe ifikapo Novemba 2028. Wengine wanaziita sheria hizi chuki kwa wageni. Mimi naziona ni hodi iliyoandikwa na serikali: karibu, lakini mwenyeji awepo wa kukukaribisha.

Haya, tuvuke bahari. Kila nililolisema kuhusu Portobello, mtu wa Kiponda, Shangani au Hurumzi anaweza kulisema, tena kwa Kiswahili safi kuliko changu. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Milango ya nakshi, vichochoro, baraza, vyote vimekuwa mali ya macho ya dunia. Nyumba moja baada ya nyingine inageuka hoteli, na wenyeji wanahamia Ng'ambo na mashamba.

Baraza, kwa asiyejua, ni lile benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, nje, pembeni mwa mlango. Liko nje lakini ni la nyumba. Watu wanakaa hapo jioni, kahawa inapita, habari zinapita, mtoto anayekimbia ovyo anaitwa kwa jina la baba yake. Mtu aliyekaa barazani yuko kwake, kama wewe ulivyo kwako ukikaa kwenye kochi. Ukimpiga picha bila kumwamkia umeingia sebuleni kwake bila hodi.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, hilo ndilo jibu langu. Hukukunjiwa uso kwa sababu hawakujua wewe ni mtoto wao. Pengine walijua, na ndiyo maana walikunja zaidi. Mtalii haijui shikamoo, anasamehewa. Wewe unaijua. Damu ya Kiunguja haikupi ruhusa ya ziada, inakupa adabu ya ziada.

Lakini adabu ya picha ni rahisi, haina gharama. Kuna ngumu zaidi, nayo ipo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu hivi sasa. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za serikali au za wakfu. Yetu ni ya familia, imebaki Kiponda kwa mirathi, wenye hisa tumetapakaa London, Muscat na Dubai. Anayeishi ndani ni shangazi yetu, dada yake baba. Amejitokeza mtu anataka kuikodi nyumba yote kwa miaka mingi, aitengeneze, afanye vyumba vya wageni. Shangazi atatafutiwa nyumba Fuoni. Binamu zangu wanasema ni neema. Shangazi ametuma ujumbe wa sauti wa sekunde tisa: "Mnanipeleka Fuoni, huko nitamjua nani?"

Huwa naona watu wa rika letu, ikifika hapa, wanaandika maneno matamu: tusiuze urithi, tulinde mji wetu. Vizuri. Lakini nyumba za mawe na chokaa hazilindwi kwa maneno. Mvua inaingia darini, boriti zinaoza, ukuta unavimba. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo maarufu kuliko yote pale mbele ya Forodhani, iliporomoka na kuua watu wawili. Kama jengo la serikali lile limeanguka, la shangazi litasimama kwa dua peke yake? Binamu zangu wana haki kusema kwamba wanaopinga wako mbali na hawajatoa hata senti ya msumari.

Ndiyo maana msimamo wangu kwenye kundi ni huu, na nauandika hapa hadharani ili nibanwe nao. Anayetaka nyumba ibaki nyumba atoe pesa ya boriti. Wenye hisa wa nje tuchange kila mwezi mpaka dari itengenezwe. Kama hazitoshi, ghorofa ya juu ipokee wageni, sina kinyongo na hilo, ila shangazi abaki chini, mlango ule uwe mlango wake, na mgeni apite kwake kwa salamu. Mkataba uwe wa miaka michache, si wa kizazi kizima. Tukishindwa kuchanga, basi tunyamaze na tuwaache wanaobeba mzigo waamue.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunakwenda nyumbani wiki tatu za Agosti, tunakula urojo Forodhani, tunapiga picha milango, tunarudi. Miaka thelathini tunakaa siku ya pili, jembe hatujawahi kuligusa.

Nyinyi wasomaji wengi mna umri wa miaka ishirini na kitu na hamna hisa ya nyumba yoyote. Hamjambo, bado mna nguvu ya pesa ya safari. Mkienda, laleni kwenye nyumba ambayo mwenyewe yupo, anayekupikieni chai na kukugombezeni mkichelewa. Nunueni katikati ya wiki, dukani wanakonunua watu wa mtaa. Kamera ibaki mfukoni mpaka mtu awe amekujibuni salamu, na akisema hapana, asanteni, mpite. Na hapa London, Bristol, Leicester, popote mlipo, ulizeni kaunsili zenu flati ngapi za jengo lenu hazina mkazi. Ni swali la haki kabisa, na diwani analipwa posho kulijibu.

Kura ya ukoo wetu ni baada ya Idi. Kipindi kijacho tutazungumzia nyumba za urithi, na nimemwomba shangazi aongee mwenyewe. Amekubali, kwa sharti moja: tumpigie yeye, jioni, akishamaliza kahawa ya barazani. Kama kwenu pia kuna nyumba inayogombaniwa, tutumieni ujumbe wa sauti.