Kimya cha Mtaa Wetu si Amani

Kila mgeni anayekuja kwetu husema jambo lile lile kabla hajavua viatu: "Mnakaa mahali pazuri, hapana kelele." Mama hufurahi sana kusikia hivyo, kwa sababu sifa hiyo ameilipia kwa mkopo wa miaka mingi. Tunakaa katika manispaa ya Kira, nje kidogo ya jiji la Kampala, upande wa kwenda Namugongo. Nyumba za mtaa wetu zina vigae vyekundu, kuta ndefu, seng'enge za wembe juu ya kuta, na mageti ya chuma yasiyo na hata tundu la kuchungulia. Saa nane mchana husikii kitu ila ndege na mbwa mmoja.

Mimi nimeishi hapo miaka kumi na mitatu. Katika insha hii nataka kuipinga sifa ambayo wageni wetu hutupa. Nasema kwamba kimya cha mtaa wetu si amani. Ni kimya cha watu wasioitikiana. Tena nasema hivi sasa kwa sababu majirani zetu wamepanga kumfukuza mtu mmoja kwa jina la kimya hicho, na mtu huyo ndiye jirani wa kweli tuliye naye.

Nianze na neno hodi. Mwaka wa kwanza chuoni, mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba mtu akifika nyumbani kwa watu hupiga hodi, na wenyeji huitikia karibu. Akipiga mara tatu bila kujibiwa, huondoka bila kinyongo. Sisi tuliotoka Buganda tulicheka, kwa sababu neno hilo tunalo: husema koodi, na jibu lake ni kaalibu. Jjajja, yaani bibi yangu, anaishi kijijini karibu na Masaka, na hupiga koodi hata nyumba ikiwa wazi na wenyewe wamekaa barazani wanamwona. Kwake hodi si kuomba mlango. Ni kumwambia mwenzako kwamba unajua yupo.

Mtaani kwetu hodi haina pa kupigwa. Ukitaka kumtembelea mtu, kwanza umpigie simu. Kisha utakuta askari, naye atakuuliza jina lako, unakotoka, na unamtaka nani. Utaandika katika daftari. Halafu utasimama juani hadi mwenye nyumba akubali kwamba anakufahamu. Mtu wa kijijini kwa Jjajja akifanyiwa hivyo atadhani pana msiba au pana kesi.

Sasa nieleze jambo linalonipa aibu. Kila tarehe 3 Juni, mahujaji hukusanyika Namugongo kuwakumbuka mashahidi waliochomwa moto mwaka 1886, wakati wa Kabaka Mwanga. Wengi huja kwa miguu, na wapo wanaotoka hata Kenya na Tanzania. Mwaka juzi, siku moja kabla ya sherehe, nilikuwa peke yangu nyumbani. Nikasikia sauti za wanawake nje ya geti: "Hodi wenyewe! Tunaomba maji ya kunywa." Kilikuwa Kiswahili safi, kama cha kitabuni. Nilisimama nyuma ya pazia. Sheria ya nyumbani kwetu ni kwamba mtu usiyemjua usimfungulie. Wakapiga hodi ya pili, wakapiga ya tatu. Kisha mmoja akawaambia wenzake, "Twendeni, labda hakuna watu."

Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimepata alama nzuri katika mtihani wa mazungumzo ya Kiswahili. Nilijua jibu la hodi, nami sikulitoa.

Wanawake wale walipewa maji na kaka anayeuza rolex kwenye kona ya mtaa wetu. Rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai ndani, chakula cha wanafunzi na waendesha bodaboda. Kaka huyu ana kibanda cha mbao, jiko la mkaa, mwavuli, na madumu mawili ya maji. Maji hayo huyanunua, dumu kwa dumu. Sisi tuna tangi la lita elfu mbili juu ya mnara.

Kaka huyu ndiye ambaye majirani wanataka kumwondoa. Katika kundi letu la WhatsApp wameandika kwamba kibanda chake kinaharibu sura ya mtaa, kinaleta kelele za bodaboda, na kinashusha bei ya nyumba. Wamekubaliana kupeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa LC1. Nimesoma ujumbe huo mara nyingi, na kila nikiusoma nakumbuka usiku mmoja wa mwaka 2021.

Ilikuwa mwezi wa Juni, serikali ilipotangaza watu wakae nyumbani kwa siku 42 kwa sababu ya korona. Hapakuwa na matatu barabarani, na magari binafsi yalizuiwa isipokuwa yenye ruhusa. Usiku huo mdogo wangu alishikwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Mama alitoka nje akapiga mageti kwa jiwe. Geti la kijani halikujibu. Kwenye geti jeusi taa iliwaka, kisha ikazimwa. Mbwa walibweka, basi. Mtu aliyetoka ni kaka wa rolex, ambaye hulala katika chumba kidogo nyuma ya kibanda chake. Hakuuliza maswali mengi. Alitupeleka hadi geti la nne kutoka kwetu, akaita kwa jina, na mama mmoja akafungua mara moja. Alikuwa muuguzi. Alikuwa na dawa, na alijua la kufanya.

Fikiri, ndugu msomaji. Tulikuwa tumeishi miaka mingi hatua chache kutoka kwa muuguzi bila kumjua. Aliyejua ni muuza chapati, kwa sababu muuguzi yule hupita kwake alfajiri akitoka zamu.

Najua watakavyonijibu. Watasema kwanza kwamba kuna wezi. Ni kweli, wezi wapo, nami siwaombi watu walale milango wazi. Lakini je, kimya chetu kinawazuia? Mwaka jana watu wawili waling'oa vioo vya gari lililoegeshwa mbele ya nyumba, saa tano asubuhi. Jirani mmoja aliwaona kutoka dirishani akadhani ni mafundi, kwa kuwa hakujua gari ni la nani. Kamera iliwapiga picha nzuri sana, na vioo havijarudi. Kijijini mtu akipiga enduulu, yaani mayowe ya hatari, kila mtu hutoka nje. Kwetu mtu akipiga mayowe, watu hufunga madirisha. Mwizi akichagua mahali pa kuiba, atachagua wapi?

Watasema pili kwamba kelele ni mateso. Hapo nakubaliana nao. Mimi pia ni mwanafunzi, na nimewahi kusoma usiku wa kuamkia mtihani huku spika za baa zikitikisa meza yangu. Lakini Uganda ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2003. Tuzitumie dhidi ya spika hizo. Kikaango cha mayai hakijawahi kumnyima mtu usingizi.

Watasema tatu kwamba wao hufanya kazi siku nzima na hurudi wamechoka, hawana nafasi ya ujirani. Mbona watu wa zamani hawakuwa na kazi ndogo? Buganda tuna desturi ya bulungi bwansi, kazi ya pamoja kwa faida ya wote, na ngoma yake inasema hatutaki mtu aliyelala. Watu walilima mashamba yao, kisha wakatoka kusafisha kisima na kurekebisha njia. Mtaani kwetu barabara ina shimo ambalo kila gari hulikwepa tangu nikiwa shule ya msingi. Kila nyumba inangoja nyumba nyingine.

Nilipokwenda kutafuta barua ya LC1 ili nipate kitambulisho, mwenyekiti hakunijua. Sikumlaumu. Uchaguzi wa LC1 ulipofanyika mwaka 2018, watu wakapanga foleni nyuma ya wagombea wao, hakuna aliyetoka nyumbani kwetu. Aliniomba majina ya majirani wawili wanaoweza kunishuhudia. Nikamwambia, "Wa geti la kijani na wa geti jeusi." Alinitazama kwa huruma.

Kwa Kiganda jirani huitwa muliraanwa, mtu aliye kando yako. Nilikuwa nadhani kwamba kukaa kando kunatosha. Wahenga wa Kiswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwetu mshindo huo ulikuwa jiwe la mama likigonga geti usiku.

Kwa hiyo nasema wazi, ingawa majirani zangu watakasirika. Kibanda cha rolex kibaki. Kama kinachafua, tumpe kaka yule pipa la taka. Kama bodaboda zinaziba njia, tumwonyeshe mahali pa kuziegesha. Kila nyumba imtume mtu mmoja katika mkutano wa LC1, asiwe dada wa kazi aliyetumwa kuandika jina tu. Na sisi vijana tuliosoma tuache kujificha nyuma ya sheria za wazazi wetu, kwa sababu pazia nililosimama nyuma yake sikuwekewa na mtu. Nililishika mwenyewe.

Mkutano wa kuamua habari ya kibanda utakuwa Jumapili ijayo baada ya misa. Nimemwomba mama twende pamoja, naye hajakubali wala kukataa. Nikienda peke yangu, nitasimulia habari za usiku ule mbele ya wenye geti la kijani na geti jeusi, kama watakuja. Na tarehe 2 Juni ikifika nitaweka dumu la maji na vikombe nje ya geti letu, nami nitakaa hapo hapo kwenye kiti, ili mtu akisema hodi asikie jibu.