Nani Kasema ni Makapi?

Vijana wenzangu wa kalamu, mimi nakataa. Hapa Chome tukibishana juu ya michezo ya video ya vita na mbinu, eti hadithi ni ile ya njia kuu tu, visa vya hiari ni makapi ya kuvuta saa. Kwani anayepanda Shengena hauoni msitu?

Chukueni Final Fantasy Tactics ya 1997. Beowulf anamtafuta mpenzi wake Reis, aliyegeuzwa joka. Kisa kizima kipo pembeni. Ukikimbilia mwisho humwoni! Nami nakipenda kuliko nusu ya fitina za wakubwa anazopigana nazo Ramza. Palepale pembeni kaletwa Cloud, mgeni kutoka Final Fantasy VII. Mwondoe, hadithi haitikisiki. Huyo sawa, mwiteni makapi.

Sasa Fire Emblem: Three Houses (2019). Mwalimu anakuja kupigana na wanafunzi wa chuo kilekile alichofundisha. Mazungumzo yao ya hiari ndiyo yanayokufanya usite kumwua mmoja wao. Asiyeyasoma anaua jina tu, halafu anakuja kutuambia hadithi haina uzito. Uzito gani, ndugu yangu, na wewe umeruka kurasa?