Motere ndogo, kodi ndogo: ku karatasi tu?

Sheria ya 10 Februari 1969 haifichi kitu: gari ya watu inalipa kodi kufuata nguvu ya motere, ile wanahesabia mu farasi. Vinyeti ni ya mwaka muzima. Lakini mu njia ya Sake kwenda Masisi, ao ya Walikale kwenda Mubi, nani anahesabu farasi? Ku barieri, moto yenye kubeba mufuko moja ya unga inatoa franka bila risiti, na kesho tena. Motari anaongeza bei. Bibi ya muchimbaji njo analipa ku soko. Mbele ya kutuambia kodi itapunguzwa, wabandike bei ku kila barieri, na mwenye vinyeti apite.