Saa Haina Kosa: Tunakubali Bila Kusoma

Katika homu ninamoishi hapa Lubumbashi, telefone ya mtu ikizimika kabla ya jua kutua, na mtu huyo ana saa janja mkononi, hakuna anayetafuta sababu nyingine. Jirani wa chumba atakwambia papo hapo: «Yaya, ile montre yako njo inakulaka batri!» Kesi imekwisha. Saa inavuliwa, inawekwa ndani ya sanduku, na kila mtu analala akiamini kwamba mwizi amekamatwa.

Ninaandika makala haya kwa sababu mimi pia nilitoa hukumu hiyo, na niliitoa vibaya. Ndugu wasomaji mtanisamehe nikianza na habari yangu mwenyewe.

Mwaka uliopita mjomba wangu, ambaye anafanya biashara ndogo Kasumbalesa, aliniletea saa janja kama zawadi ya kufaulu mwaka wa masomo. Haikuwa ya bei kubwa, lakini najua alipunguza nini ili ainunue. Wiki chache baadaye umeme wa mtaa wetu ukaanza kuja usiku wa manane na kuondoka kabla ya alfajiri. Wakati huo nilikuwa naandika kazi yangu ya mwisho wa masomo ndani ya telefone, kwa kuwa sina kompyuta. Jioni moja telefone ikazimika nikiwa katikati ya sura ya tatu, na kurasa zote nilizoandika tangu asubuhi zikapotea. Kwa hasira nikaivua saa na kumuuzia mwenzangu wa darasa kwa bei ya hasara.

Wiki iliyofuata telefone yangu iliendelea kuzimika saa tisa alasiri kama kawaida. Na yule mwenzangu, aliyevaa saa ileile, alikuwa anafika usiku bila kwenda kibanda cha kuchaji. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza maswali ambayo ningepaswa kujiuliza kabla ya kuuza zawadi ya mjomba.

Tuanze na jambo lenyewe. Je, kuunganisha saa na telefone kunamaliza betri? Jibu fupi ni kwamba kunakula kidogo sana. Saa na telefone huzungumza kwa njia ya Bluetooth. Tangu mwaka 2010, toleo la nne la Bluetooth lilileta namna ya pili ya kuzungumza, iliyotengenezwa makusudi kwa vifaa vyenye betri ndogo. Kwa namna hiyo, vifaa viwili havikai vikipiga kelele mfululizo. Vinapatana muda: kila baada ya kitambo kidogo vinaamka, vinasalimiana, vinapeana kama kuna habari, kisha vinalala tena. Kitambo hicho kinaweza kuwa chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde, au kikafika hadi sekunde nne, kufuatana na walivyopatana. Saa yenyewe ina betri ndogo sana kuliko ile ya telefone, na bado inakaa siku nzima au siku kadhaa. Kama mazungumzo hayo yangekuwa ya gharama kubwa, saa ndiyo ingekufa wa kwanza.

Tufanye hesabu ya mfano. Telefone nyingi tunazonunua sasa zina betri ya miliampea-saa 5000. Tuseme mazungumzo na saa yanakula miliampea moja kwa wastani, mchana na usiku. Kwa saa 24 hiyo ni 24 kati ya 5000, yaani nusu ya asilimia moja. Ukiichukulia betri kama bidoni la maji la lita 20, saa imekunywa chini ya nusu kikombe. Mtu hafukuzwi nyumbani kwa sababu ya nusu kikombe cha maji.

Basi nani anamwaga bidoni? Mimi nilimpata ndani ya telefone yangu mwenyewe. Nilipofungua Mipangilio, kwenye ukurasa wa betri ambako telefone inaorodhesha kila programu na kiasi ilichokula, niliona jina la programu ya ile saa karibu na juu kabisa. Nilikuwa nimeuza saa, lakini programu yake nilikuwa nimeiacha. Ilikuwa bado inatafuta saa ambayo haipo tena mkononi mwangu. Na ilikuwa bado inaomba telefone imwambie niko wapi, wakati wote, kwa sababu siku ya kwanza niliibonyezea «Ruhusu» kila ilipouliza. Kuulizia mahali kwa setilaiti ni kazi nzito, na telefone inayoamshwa kila mara hailali. Tuseme kazi hiyo inakula miliampea 100 kwa saa tano tu za siku: ni 500 kati ya 5000, asilimia kumi nzima. Ndani ya bidoni letu, hizo ni lita mbili. Hiyo si nusu kikombe tena.

Mwenzangu aliyenunua saa alifanya kinyume changu. Programu ilipomuuliza kama inaweza kujua mahali alipo wakati wote, alichagua iwe pale tu anapoitumia. Ilipotaka kupeleka arifa za programu zote kwenye saa, aliacha simu na ujumbe wa familia, akafunga mengine. Saa ni ileile, homu ni ileile, umeme ni uleule. Tofauti ni kwamba yeye alisoma.

Simaanishi kwamba saa haina lawama popote. Ukiitumia kupokea simu na kuzungumza kupitia kinywa chake, sauti inapita bila kusimama, na hapo telefone inalipa. Ukienda kukimbia na saa isiyo na kipimo chake cha setilaiti, inaazima kile cha telefone kwa muda wote wa mbio. Ukiacha telefone chumbani na saa ikaenda nawe darasani, vitatafutana hadi mtakaporudi. Na ukiweka saa ipime moyo wako na kupeleka taarifa kila dakika, usishangae. Lakini haya yote ni matumizi ambayo mtu anayachagua au anayaacha.

Wapo pia wanaosema kwamba saa inahifadhi betri, kwa kuwa mtu anatazama ujumbe mkononi badala ya kuwasha kioo cha telefone. Katika hoja hiyo kuna ukweli, kwa sababu kioo ni kati ya walaji wakubwa wa betri. Lakini inategemea mtu. Mimi, saa ilipotetemeka, nilikuwa natazama mkono, kisha natoa telefone mfukoni kusoma vizuri, kisha nabaki humo robo saa. Kwa mtu wa namna yangu saa haikuzuia kioo kuwaka. Ilikuwa inanikumbusha kukiwasha.

Tena kuna mlaji mwingine ambaye tunamsahau kwa sababu hatumvai mkononi: mtandao dhaifu. Telefone iliyo mbali na mnara, au iliyo ndani ya chumba chenye kuta nene, inapaza sauti ili isikike, na kupaza sauti kunakula nguvu. Umeme unapokatika mtaani, mara nyingi mtandao nao unalegea. Kwa hiyo siku zile tunazohitaji betri zaidi ndizo siku telefone inapofanya kazi ngumu zaidi. Mtu anaona saa mkononi, haoni mnara, basi anailaumu saa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloihusu idara yetu ya lugha. Kwa nini mimi, mwanafunzi wa lugha, nilibonyeza «Ruhusu» mara tano bila kusoma? Kwa sababu maneno yalikuwa ya Kiingereza, na nilikuwa na haraka ya kuona saa ikiwaka. Wenzangu wengi wanaacha telefone katika Kifaransa, lakini programu za saa za bei nafuu mara nyingi zinakuja na tafsiri mbovu, sentensi ambazo hata mwalimu wa Kifaransa angekuna kichwa. Wachache wanajua kwamba telefone za Android zina Kiswahili tayari, na kwamba humo tendo la kuunganisha saa na telefone linaitwa «kuoanisha». Kifaransa kinasema vifaa vinahusishwa, au vinafanywa mapacha. Kiswahili kimechukua neno kutoka shina la kuoa.

Ninalipenda neno hilo, na ninadhani linaweza kutufundisha jambo. Mapacha hawaulizwi kitu wanapozaliwa. Lakini hapa kwetu hakuna ndoa bila familia mbili kuketi na kuulizana: nani ataleta nini, nani ataishi wapi, mipaka ni ipi. Yale maswali ya programu siku ya kwanza ndiyo mazungumzo ya familia. Inauliza kama iingie kwenye majina ya watu wako, kama isome ujumbe wako, kama ijue uko wapi, kama ifanye kazi hata unapolala. Sisi tunajibu «ndiyo, ndiyo, ndiyo» ili tufike haraka kwenye karamu. Kisha nyumba ikikosa chakula tunamlaumu bi harusi.

Wengine watasema: betri ni jambo dogo, kwa nini kuliandikia kurasa? Watu hao wana umeme. Kwa wengi wetu telefone ndiyo taa ya chumba usiku, ndiyo maktaba, ndiyo mfuko wa pesa, ndiyo njia ya kumjulia hali mama aliyebaki kijijini. Kila mara inapozimika kabla ya wakati, kuna franka za kibanda cha kuchaji zinazotoka mfukoni, au kurasa zinazopotea kama zangu, au dada anayerudi usiku bila njia ya kumwita mtu.

Na kuna sababu nyingine, iliyo karibu nasi zaidi kuliko tunavyofikiri. Betri za telefone na za saa hizi, kwa sehemu kubwa, zina kobalti ndani yake. Ni njia iliyogunduliwa Oxford mwaka 1980 na John Goodenough pamoja na wenzake, na betri za aina hiyo zikaanza kuuzwa na Sony mwaka 1991. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika nchi yetu, na nyingi inatoka upande wa Kolwezi, mwendo wa kilomita kama 300 kutoka hapa. Inaondoka kama udongo kwenye malori, inarudi kama telefone na saa ambazo tunazinunua kwa shida. Betri hiyo ina idadi ya mara inazoweza kujazwa na kumalizwa kabla ya kuchoka, na joto linaichosha upesi zaidi. Programu inayokula asilimia kumi kila siku bila faida haiibi siku hiyo tu. Inafupisha maisha ya kitu ambacho watu wa kwetu walikitoa chini ya ardhi kwa jasho.

Maoni yangu basi ni haya. Tuache kuhukumu kifaa kwa sababu kinaonekana. Kabla ya kuvua saa, fungua ukurasa wa betri na uone ni nani amekula. Iruhusu programu ya saa kujua mahali ulipo pale tu unapoitumia. Chagua arifa za watu unaowahitaji, uzime nyingine. Ukitaka kujua ukweli wa saa yako, fanya jaribio la siku mbili zinazofanana: siku moja Bluetooth ikiwa imewashwa na saa mkononi, siku nyingine imezimwa, ukiandika asilimia asubuhi na jioni. Na ukiuza saa au kuigawa, iondoe kwenye orodha ya vifaa vilivyooanishwa na ufute programu yake. Talaka nayo ina utaratibu.

Kwa sisi wa idara ya lugha ninaongeza ombi moja. Tunatumia miaka kujifunza kutafsiri riwaya na hotuba, na hilo ni jema. Lakini katika kila homu kuna mtu anayebonyeza «Ruhusu» kwa sababu hakuna aliyemweleza neno hilo linafungua mlango gani. Tungeketi naye dakika kumi, tukamsomea kurasa hizo kwa Kiswahili anachokisikia, Kiswahili cha hapa, si lazima kile cha vitabu. Hiyo nayo ni tafsiri, na mtu angeona faida yake jioni hiyohiyo.

Mjomba alinipigia mwezi uliopita kuuliza kama saa bado inafanya kazi. Sikuweza kumdanganya. Nilimwambia kwamba inafanya kazi vizuri sana, lakini mkononi mwa mtu mwingine. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza sababu, nami nikamweleza yote niliyowaeleza ninyi. Nimemwomba mwenzangu mara mbili aniuzie tena. Anacheka, anatazama mkono wake, na kuniambia saa ngapi.